Paa la Panzi

Jumapili, 1 Aprili 1973. Kihesa, Iringa.

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana ni mbaya zaidi.

Baada ya misa nilimwomba Mzee Kasian nimshushe hadi kwake Ipogolo. Mzee Kasian ni katekista, mrefu kama mlingoti, na ni baba yake Severina. Hilo la mwisho ndilo la muhimu. Severina ni fundi cherehani pale Ipogolo, kando ya barabara kuu, nami nimekusudia kumwoa. Yeye bado hajaambiwa. Napenda mambo yaende kwa utaratibu: baba kwanza.

Mzee alikubali, akapanda Panzi. Panzi ni gari langu: kijani, viti viwili, refu mbele, fupi nyuma, halina paa. Mgiriki wa mashamba ya tumbaku, aliyekuwa bosi wangu nilipokuwa karani wa mabani ya kukaushia tumbaku, alilitengeneza kwa mikono yake kutokana na magari mengine yaliyokufa. Alipoondoka nchini alinipa ufunguo, akaniambia nilitunze. Hakuna la pili lake duniani. Hata spea zake hazipo duniani.

Kwenye mteremko wa Ipogolo, mvua. Si manyunyu. Mvua! Turubai la Mgiriki limeoza tangu mwaka juzi. Nikamwambia Mzee kwamba tukienda kasi sana mvua itapita juu ya vichwa vyetu. Nilisoma mahali. Haikupita. Kofia yake iliruka ikaingia korongoni. Kitabu chake cha nyimbo kikawa uji.

Kisha honi nyuma yetu. Marcelino! Marcelino ni dereva wa Landrova ya idara fulani, na kila mtu mjini anajua anamtaka Severina. Severina mwenyewe alikuwa humo ndani, mkavu, amefunika mdomo kwa kanga. Nadhani alikuwa analia kwa kunionea huruma.

Mzee Kasian akahamia Landrova. Kabla ya kufunga mlango alinitazama kwa utulivu, maji yakimchuruzika puani, akasema: "Kijana, mtu aliyeshindwa kuezeka gari, nyumba ataiezeka?"

Nilirudi Kihesa peke yangu. Mvua ilikatika nilipofika.

Jumatatu, 2 Aprili

Maneno ya Mzee yananitafuna kama mchwa.

Habari mbaya zaidi kutoka kwa Mama Damari, mwenye nyumba wangu. Anasema harusi ya Kalinga ni tarehe 28, baada ya Pasaka. Kalinga ni kaka yake Severina, analima mpunga kule Rujewa, bonde la Usangu, na anamwoa Mbuke, binti wa Bujiku, Msukuma mwenye makundi ya ng'ombe. Mzee Kasian na Severina watakwenda kwa Landrova ya Marcelino. Kutoka Iringa mpaka Usangu, mchana kutwa! Marcelino atakuwa anawachekesha njia nzima. Ana meno mazuri, hilo nakubali.

Mpango umenijia nikinywa chai. Panzi apate paa. Si turubai. Paa la chuma, la kudumu, lenye nguvu kama daraja. Nimpeleke Mzee Rujewa ndani yake akiwa mkavu kama biskuti. Atanipa binti kabla hatujafika Makambako.

Nilimwona fundi mmoja pale Ipogolo. Alimzunguka Panzi, akachungulia chini, akauliza mwili wa gari hili umeshikwa na nini. Nikasema na imani. Hakucheka. Akanieleza kwamba gari lililozaliwa bila paa halina mgongo, na ukilibandika chuma juu bila kwanza kulifunga chini litakunjika kama chapati. Akasema kazi hiyo anaiweza mtu mmoja tu, Anyitike, Mnyakyusa mwenye gereji Mwanjelwa, Mbeya. Nafikiri alitaka tu niondoke.

Jumatano, 4 Aprili

Siku ya vipimo. Nilikwenda kuazima futi kwa Severina. Akauliza nashona nini. Nikasema ni siri, inamhusu baba yake. Akauliza kama baba yake anajua. Nikasema hapana. Akanipa futi, akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu, lakini mimi nilikuwa na haraka.

Nilikaa ndani ya Panzi, nikapima kutoka kitini hadi utosini, nikaongeza nafasi ya kofia. Safi kabisa. Nilitoa mto wa kiti kwanza ili nipime kutoka kwenye chuma chenyewe. Vipimo vya uhakika huanzia kwenye chuma.

Ijumaa, 6 Aprili

Tatizo la mabomba. Dukani hayapo. Kwenye ghala ninakofanya kazi hayapo. Nikakumbuka stoo ya Mama Damari: kitanda cha chuma cha marehemu mumewe, kimesimama ukutani miaka nenda rudi, kichwani kina vipira vya shaba. Mabomba manene! Yamenyooka!

Nilimwambia Mama Damari kwamba kitanda kinapata kutu, ni aibu, niruhusu nikipeleke Mbeya kikapakwe rangi. Aliguswa sana. Alisema marehemu angefurahi. Akanipa ulanzi, pombe ya mianzi. Nilisikia hatia kidogo. Kisha ulanzi ukaisha, na hatia nayo ikaisha.

Kazini nimeomba likizo. Nimesema nina mgonjwa Mbeya. Panzi ni mgonjwa. Si uongo.

Jumapili, 8 Aprili. Mbeya.

Nimefika. Kitanda kilifungwa ubavuni mwa gari, kinapiga kelele kama ngoma ya mganga. Makambako baridi kali, mvua, malori yakinimwagia tope. Pale kituo cha mafuta mtu aliniuliza kama nahamia.

Anyitike ni mtu mnene, sauti nzito, anaimba nyimbo za kanisa akifanya kazi na huacha wimbo katikati akitaka kukupinga. Alimtazama Panzi kwa muda mrefu. Akasema Mgiriki alikuwa fundi wa kweli. Kisha akatazama kitanda, akauliza na huyu mgonjwa yuko wapi.

Anaweza. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa na mafuta mwilini, nikaacha.

Jumanne, 10 Aprili

Kazi imeanza. Sikujua kwamba kuezeka gari kunaanzia chini. Anyitike amefunga vyuma vya kupita kwenye nafasi za milango, kulia na kushoto, ili mwili usipinde wakati wa kuchomelea. Amechomelea mabamba ya chuma kwenye chasisi yenyewe. Anasema paa likisimama juu ya bati ni kofia. Likisimama juu ya chasisi ni nyumba. Maneno mazuri. Nitayatumia kwa Mzee Kasian kama yangu.

Bomba hupindwa hivi: unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, unalipinda taratibu. Bila mchanga linabonyea. Nilimwambia nilijua. Sikujua.

Matao mawili: moja nyuma ya viti, moja kwenye kioo cha mbele. Yataunganishwa juu kwa mabomba, na nyuma patakuwa na mhimili wa mshazari. Anyitike anasema hapo panatosha. Juu yake bati la pipa, jembamba, lililogongwa vizuri.

Mimi sikuridhika. Marcelino atakuja kupiga paa langu kwa kidole. Nataka lipige kidole chake! Nimesema tuongeze tao la tatu, mhimili mwingine, na bati liwe nene, lile la tangi. Anyitike aliacha wimbo katikati. Alisema uzito ukikaa juu, gari linakuwa kama mtu mwenye ndoo kichwani: akienda taratibu hana neno, akikimbia na kugeuka ghafla, chini. Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akasema, "Haya, bwana Saulo. Mwenye ndoo ni wewe." Akaendelea na wimbo.

Ijumaa, 13 Aprili

Gesi imekwisha. Mtungi mwingine haujapatikana. Panzi amesimama kwenye yadi na mifupa juu.

Nani kapita? Marcelino. Amekuja Mbeya kikazi, eti. Alisimamisha Landrova, akashuka, akauliza kama nafuga kuku. Mafundi wote wakacheka, na Anyitike pia. Nikamwambia hii ni teknolojia, hawezi kuielewa mtu anayepewa gari likiwa tayari limeshaezekwa. Akasema ni kweli, hajawahi kulazimika kufikiri. Alisema kwa upole. Sijui kama alinitukana au alijitukana.

Kisha akaniuliza kama nina salamu za kupeleka Iringa. Nikasema amwambie Mzee Kasian ajiandae. Hakuuliza kama nina salamu za Severina. Mjanja.

Jumatano, 18 Aprili

Gesi imepatikana. Tao la tatu limekaa. Mhimili wa pili umekaa. Bati la tangi limekaa, baada ya kugongwa mpaka majirani wakaja kulalamika.

Tumegombana kuhusu dirisha la nyuma. Anyitike anataka kubwa. Mimi naona kila tundu ni udhaifu. Tumepatana kwenye kidirisha kidogo chenye plastiki ngumu, kama kile cha kuungamia dhambi. Anyitike anasema dereva lazima aone nyuma. Nimemwambia mambo yangu yote yako mbele.

Nimemwomba aviache vile vipira vya shaba, avichomee kwenye pembe za nyuma. Urembo. Amefanya, lakini kwa kuguna.

Rangi ya kijani haikupatikana. Paa ni la bluu ya mlango wa shule.

Ijumaa Kuu, 20 Aprili. Kihesa.

Nimerudi salama. Mvua ilininyeshea kutoka Mafinga hadi Iringa, na hakuna hata tone lililoingia! Niliimba kwa sauti kubwa. Gari linayumba kidogo kwenye kona. Ni uzito wa heshima.

Kichwa changu kinagusa paa. Nimegundua kwa nini: nimerudisha mto wa kiti. Nitaukalia kwa unyenyekevu.

Jumapili, 22 Aprili. Pasaka.

Kristo kafufuka, na mimi pia.

Niliegesha Panzi mbele ya kanisa watu wakitoka. Umati! Mzee Kasian alikuja, akalizunguka gari. Akagonga paa kwa bakora. Likajibu, ngo! Akagonga tena pembeni. Ngo! Nikamwambia: "Baba, paa likisimama juu ya bati ni kofia, likisimama juu ya chasisi ni nyumba." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu.

Ndipo Mama Damari akapiga yowe. Alikuwa nyuma ya gari, ameshika kipira cha shaba. "Hiki ni kitanda changu! Nimezalia watoto kwenye hiki kitanda!"

Nilisema Mama Damari ametoa kitanda kwa moyo mweupe ili Mzee asafiri salama. Mama Damari alinikodolea macho. Padri alikuwa karibu, na ni Pasaka. Mama Damari akasema, basi, ametoa. Lakini mtu aliyetoa hawezi kuachwa nyumbani, harusini atakwenda na yeye. Na baadaye, sikioni mwangu, akasema kitanda kipya kiwe cha mninga. Nimekubali. Kuna mninga mwingi Tanzania.

Mzee Kasian akaingia ndani ya Panzi kujaribu. Shingo yake ililazimika kuinama, kidevu kikagusa kifua. Lakini alikaa hivyo kwa muda, kisha akasema kwamba katekista kuinama si jambo geni. Atasafiri nami kwenda Rujewa! Alisema mbele ya watu wote. Nilimtafuta Marcelino kwa macho. Alikuwa anafuta kioo cha Landrova kilichokuwa tayari safi.

Jioni, nikila wali wa Pasaka, nimefikiwa na wazo. Panzi ana viti viwili. Kimoja ni cha Mzee. Kingine ni changu.

Severina atasafiri na Marcelino.

Lakini Mama Damari atakaa katikati yao. Ni mwanamke mpana. Namshukuru Mungu kwa kile kitanda.

Ijumaa, 27 Aprili. Rujewa, nyumbani kwa Bujiku.

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo hautaki namna nyingine.

Tuliondoka Iringa alfajiri, Landrova mbele, mimi nyuma. Mpaka Makambako mambo yalikuwa mazuri. Mzee alisali rozari akiwa ameinama, akaniuliza kuhusu ukoo wetu, akaniuliza kama nina shamba. Nilijibu vizuri. Mvua ilipiga, tukawa wakavu. Alisema, "Kijana, umejitahidi." Niliogopa kumtazama nisije nikatokwa machozi nikiwa nimeshika usukani.

Tulipoteremka Usangu, jua. Lile bati la tangi likawa kikaango. Mzee akafungua vifungo vya shati. Nikamwambia joto ni dalili ya ubora wa chuma.

Tukaacha lami, tukashika njia ya udongo kuelekea kwa Bujiku, mashamba ya mpunga kushoto na kulia, mfereji ubavuni. Landrova bado mbele, inaturushia tope. Na kupitia kioo chao cha nyuma nikaona Severina anacheka. Marcelino kasema kitu. Mama Damari naye anacheka, msaliti!

Nikaona si haki. Mimi nimejenga paa, yeye anachekesha. Wakwe wamesimama huko mbele wanasubiri, na wa kwanza kufika atakuwa ni Marcelino. Nikakanyaga mafuta.

Mzee Kasian aliniambia waziwazi: "Hatuna haraka, Saulo. Waache watangulie." Naandika hapa ili nisijidanganye. Aliniambia.

Nilimpita Marcelino. Nilipiga honi. Niligeuza kichwa kumwona Severina, lakini kile kidirisha changu hakionyeshi kitu. Nilipotazama mbele, ng'ombe. Wengi, wanapanda kutoka mferejini, wamejaza njia. Nikakata kona.

Panzi hakukata. Alianza kuinama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Kisha ulimwengu ukageuka. Maji, tope, kishindo, bakora ya Mzee ikanipiga sikioni. Halafu kimya.

Tulikuwa tumelala kichwa chini ndani ya mfereji. Giza la tope kwenye vioo. Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka juu yetu, nalisikia. Harufu ya petroli. Maji yanaingia taratibu, yanafika kwenye nywele. Na Mzee Kasian hasemi.

Nilimwita. Hakujibu. Nilimwita tena. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Sikuwaza Severina, sikuwaza Marcelino. Niliwaza kofia yake ilivyoingia korongoni siku ile, na mimi nikaendelea kuendesha gari. Nikasema, Mungu wangu, mchukue Panzi, nichukue mimi, mwache mzee huyu.

Kisha sauti ikatoka gizani, tulivu kabisa: "Nilikuwa namalizia sala, Saulo. Usinikatize."

Alikuwa hai! Paa halikubonyea hata kidole. Kichwa chake kilikuwa palepale kilipokuwa tangu Iringa, kimeinama, ila sasa kuelekea upande mwingine.

Milango haikufunguka, tope limeishika. Nikasikia watu wanaruka majini. Plastiki ya kidirisha ikavunjwa kwa jiwe, na mkono wa Severina ukaingia. Aliita, "Baba!" Halafu akaita, "Saulo!" Naandika kwa mpangilio huo. Lakini aliita.

Kidirisha hakimtoshi mtu. Anyitike alitaka kiwe kikubwa. Aliyetutoa ni Marcelino. Alilala kwenye tope mpaka shingoni, akachimba kwa mikono chini ya mlango wa Mzee, akauvuta mpaka ukaachia. Akambeba Mzee kama mtoto. Kisha akarudi kwa ajili yangu. Sikupenda kuokolewa na Marcelino. Niliokolewa hata hivyo.

Bujiku mwenyewe alikuwa juu ya ukingo. Mzee mfupi, blanketi begani, ametulia. Ng'ombe wake wote salama. Mzee Kasian, ametapakaa tope, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na Bujiku akajibu "Mwangaluka," kama vile wakwe huja hivi siku zote. Bujiku akasema amepokea wakwe wa kila aina, lakini hawa ndio wa kwanza kuja kwa mfereji.

Wakafunga maksai kwa minyororo, wakampindua Panzi akasimama. Tope, mikwaruzo, kipira kimoja cha shaba kimepotea. Paa bado paa. Nikapiga stati. Akawaka!

Severina alikuwa ameketi ukingoni, ameshika mkono wa baba yake, anamfuta tope. Nilikwenda kumwambia kwamba paa limefaulu. Hakuinua macho.

Jumamosi, 28 Aprili

Harusi. Kalinga alipendeza. Mbuke alipendeza zaidi. Ngoma ya Wasukuma na nyimbo za Wahehe zilishindana mpaka vumbi likasimama. Nyama kama milima. Mama Damari alicheza, akawasimulia wanawake wote wa Usangu kwamba wakwe wameokolewa na kitanda chake.

Marcelino alizungumza na Severina mlangoni pa kanisa, muda mfupi tu. Alirudi na uso nisioweza kuusoma. Sikujali. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi.

Maana Mzee Kasian alisimama kuzungumza! Alisema jana aliona mauti kwa karibu, kichwa chini, na mauti yalikuwa na harufu ya petroli. Alisema kijana huyu ni mpumbavu wa kukimbiza gari. Watu wakacheka. Akangoja wamalize. Kisha akasema: "Lakini niliuliza kama ataweza kuezeka. Ameezeka. Paa limeshika. Sina neno tena." Akasema nikitaka kuja kwake na wazee wangu, nije, mlango hautafungwa.

Nimeshinda. NIMESHINDA! Nilimpa Marcelino mkono. Aliushika vizuri, akasema nilitengeneza kitu chenye nguvu. Ningependa anichukie kidogo.

Jumapili, 29 Aprili

Severina ameniita. Alikuwa kivulini nyuma ya zizi, anashona koti la baba yake lililochanika juzi kwenye mlango. Akasema nikae. Nikakaa.

Aliuliza nani alinituma kuipita Landrova. Nikasema hakuna. Akashona kidogo. Akasema juzi alimwona baba yake anazama kwenye tope kwa sababu wanaume wawili walikuwa wanashindania kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiulizia kwa mwenyewe.

"Marcelino ameniuliza jana," akasema. "Mlangoni pa kanisa, wazi. Nimemwambia nipe muda. Wewe umezungumza na baba. Umezungumza na fundi wa Mbeya. Umezungumza na Mama Damari na kitanda chake. Mimi, Saulo, hujaniuliza hata kama napenda kupanda gari."

Maneno yale yaliingia. Kweli tupu. Nilimpeleka baba, sikumpeleka yeye.

Akakata uzi kwa meno. Akaniangalia, akasubiri. Alisubiri kitu, niliona kabisa kwamba alikuwa anasubiri kitu. Ng'ombe walilia. Upepo ulipita kwenye mpunga.

Nikasimama, nikamwambia: "Nimekuelewa, Severina. Nimekuelewa kabisa. Nipe wiki moja."

Akafungua mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia kuelekea kwenye gari.

Jumatatu, 30 Aprili. Njiani, Chimala.

Nimesimama kunywa chai. Panzi anakwenda vizuri, milango nimeifunga kwa kamba.

Nimefikiri usiku kucha na jibu liko wazi, nashangaa halikunijia mapema. Severina anaumia kwa sababu alisafiri na Marcelino. Alisafiri na Marcelino kwa sababu Panzi ana viti viwili. Dawa ni kiti cha tatu. Ndani hakuna nafasi. Lakini juu! Lile paa halikubonyea na gari zima likiwa limelilalia. Litashindwa na mwanamke mmoja wa umbo la kawaida?

Nimeshachora. Kiti kizuri, mto wa kitambaa cha maua, mikanda miwili, ngazi ndogo ubavuni. Atakuwa juu ya Mzee, juu yangu, juu ya Marcelino na Landrova yake. Ataona Mbeya nzima. Sijamwambia, nataka iwe siri. Jumamosi nitampelekea Ipogolo, aone kwa macho yake kama simjali.

Mimi naelekea kwa Anyitike. Ataacha wimbo katikati, najua. Na kwa kuwa mvua bado zipo, juu ya kiti hicho tutaweka paa.